Aliyemwitia Binti Yake Mwizi

Kocha Leonard Chilongani alikuwa na sauti. Hilo hata wasiompenda walilikubali. Enzi zake akichezea timu ya taifa ya raga, safu ya mbele kabisa, pale wanaume wazima wanapokumbatiana na kusukumana kwa vichwa, wenzake walimtegemea kwa kelele kuliko kwa mbio. Waliosafiri naye Kampala na Kigali wanasema alisikika mpaka kwa wauza karanga nje ya uwanja. Alirudi nyumbani Dodoma na goti bovu, sikio la kushoto lililokunjamana kama uyoga mkavu, na sauti ileile. Sasa alikuwa anafundisha raga wasichana wa sekondari, tena kwa kujiamini kulikowakera baadhi ya watu na kuwafurahisha wengi.

Miaka yote walifanyia mazoezi ndani ya ukuta wa shule. Mwaka huu shule ikaanza kujenga bweni, uwanja ukajaa kokoto na nondo, na kocha akaenda kumwomba mwenyekiti wa mtaa, Bi Hilda, kiwanja cha wazi cha Area D. Akapewa bila maswali. Kiwanja ni kikubwa na ni tambarare. Ubaya wake ni kwamba kipo kando ya barabara ya vumbi, na kwenye kona kuna mti mdogo na chini yake kijiwe cha bodaboda.

Siku ya kwanza ya mazoezi pale, upepo wa Agosti ulikuwa unapuliza vile unavyopenda kupuliza Dodoma, wa baridi na wenye mchanga. Asnath, binti wa kocha mwenyewe, alikuwa amevaa sweta lenye kofia na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Zamu yake ilipofika akaubana mpira kwapani akatoka mbio kuelekea mstari wa majivu waliouchora mwisho wa kiwanja. Ukiuvuka mstari ule na kuugusisha mpira chini, hiyo ndiyo trai, ndiyo pointi. Kazi ya mwenzake Shamila ilikuwa kumfukuza na kumwangusha kabla hajafika.

Lakini mpira wa raga hauna umbo la mpira, umerefuka kama yai. Mtu wa mbali akiuona umebanwa kwapani na mtu anayekimbia, atadhani ni mkoba wa mama fulani. Na kocha, kama alivyozoea, alikuwa amesimama katikati ya kiwanja akipiga kelele kwa ile sauti ya Kampala.

"Mkamate! Usimwache! Mwangushe huyo!"

Kijiweni, Suleiman alikuwa anafuta tangi la pikipiki. Alikuwa na miezi michache tu mjini, ametoka Busi kule Kondoa na mke na mtoto mchanga, mtu mpole asiyejua kugombania abiria. Aliposikia kamata hakuuliza kamata nani. Alitupa kitambaa, akakata kiwanja mshazari, akajirusha miguuni kwa Asnath hatua moja kabla ya mstari. Wote wawili wakaanguka, na vumbi likawafunika. Nyuma yake walikuwa wanakuja wenzake wa kijiweni, mmoja na helmeti mkononi, mwingine na jiwe.

Goti bovu la Leonard lilisahau ubovu wake. Alifika kabla ya jiwe, akajilaza juu ya mwanawe akamfunika mwili mzima. Alitaka kusema ni mwanangu, na ile sauti haikutoka. Ikabidi Shamila awasimamie wanaume wale akilia na kuwaambia kwamba hakuna mwizi, huyu ni Asnath, tuko mazoezini, huyu ni baba yake.

Na hapo alipolala kocha aliona jambo jingine, akajichukia kwa kuliona. Yule jamaa wa bodaboda alikuwa amemshika vizuri. Kichwa pembeni, bega chini ya kiuno, mikono imefunga. Hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyekuwa anashika vile.

Hospitali walisema ni mfupa wa mtulinga wa Asnath, ule wa kati ya shingo na bega, umevunjika ila haukutoka mahali pake. Walimfunga mkono kifuani, wakasema atapona. Suleiman alikuwa amewafuata, akakaa nje kwenye benchi akiwa na helmeti mapajani, akimwambia kila aliyepita kwamba hakujua.

---

Habari mtaani haikai. Kesho yake wazazi walikuwa wameshasikia kwamba raga imeua, halafu kwamba haijaua ila imevunja, halafu kwamba kocha alikuwa anawafundisha wasichana ukabaji. Leonard aliona ni mambo madogo. Alivaa koti lake la timu ya taifa, lile la kijani lenye bendera kifuani, akaenda ofisi ya mtaa kuyamaliza.

Alikalishwa kwenye benchi. Mwenyekiti alikuwa na watu wa taka, kisha na watu wa maji, kisha akanywa chai. Mtendaji, kijana aliyenyoa vizuri, aliliangalia koti akauliza mzee alichezea Simba au Yanga. Leonard akasema alichezea timu ya taifa. Mtendaji akakaa vizuri, akasema mbona sura yake haikumbuki. Leonard akasema ni timu ya taifa ya raga. Mtendaji akarudia neno hilo polepole, kisha akamwambia basi asubiri tu hapohapo, mama ataita.

Bi Hilda alipomwita hakumzungusha. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyependa ugomvi kwa sababu ugomvi huishia mezani kwake. Alisema Jumamosi kuna mkutano wa mtaa na wazazi wameomba suala la kiwanja liwe la kwanza. Wanataka wasichana waondoke pale, na wakiondoka pale hawana pengine pa kwenda, timu imekwisha.

"Mimi sina ugomvi na mpira wako, kocha," alisema. "Lakini wazazi hawakuangalii wewe. Wanamwangalia mkeo. Mama Asnath akisimama akasema mtoto wake hachezi tena, nani atamwacha wa kwake?"

Leonard akacheka akasema mke wake hana neno. Njiani akirudi akagundua kwamba hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Tangu hospitali Penina hakuwa na neno hata moja.

Jioni alimpigia Daudi, waliyekuwa wakisukumana naye bega kwa bega safu ya mbele, siku hizi bosi kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Daudi alimsikiliza huku anatafuna kitu. Akasema kaka, mbona hii ni simpo. Yule wa boda amemvamia mtoto, na mwenyewe amekiri mbele za watu. Mwachie hiyo, polisi wakae naye siku mbili, wazazi wamepata wa kumlaumu, wewe na wasichana wako mnaendelea. Tena usiongee sana, wewe ukiongea unaharibu. Leonard alikata simu akiwa mwepesi kabisa. Aliona ni ushauri wa mtu aliyesoma.

---

Penina alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha mbele, na wiki ile alishona huku Asnath amekaa pembeni yake na mkono wake kifuani, akimpa pini kwa mkono mzima. Wateja walikuja kupima, wakamwangalia mtoto, wakamwuliza mama atasema nini Jumamosi. Penina aliwajibu wote kwamba watayasikia hukohuko. Mama Shamila alimwambia wazi kwamba yeye ameshaamua, anasubiri tu asiwe wa kwanza kusema. Penina akampima kiuno akamwambia amepungua.

Suleiman alikuja Alhamisi mchana, kwa miguu. Alibeba kuku na mfuko wa zabibu, akasimama nje ya kibaraza mpaka alipokaribishwa mara mbili.

"Shikamoo, mama."

Penina aliitikia marahaba, akamwonyesha kigoda. Suleiman akamwangalia Asnath kidogo, akaangalia chini. Alieleza kwamba tajiri wake, mwenye pikipiki, amempokonya funguo mpaka kesi iishe. Hakuja kulalamikia hilo. Wazee wake wa Busi wamemtuma aje aombe radhi kabla ya mkutano, na kwenye mkutano atasema kosa ni lake, wala hatabishana.

"Ulisikia nini?" Penina akamwuliza.

"Mama, nilisikia kamata. Sauti kubwa, ya mtu mzima. Nikajua mzee kaibiwa." Alifikiri kidogo. "Kwetu ukisikia kamata ukabaki umekaa, watu watakuuliza wewe ni nani."

Penina alipokea kuku, akamchemshia mgeni chai, akamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni mwingine yeyote. Muuza zabibu wa kona, aliyemwuzia Suleiman mfuko ule, ndiye aliyemsimamisha Penina na kumwambia habari ya jiwe. Alidhani anajua. Jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, alisema, na aliyelibeba alikuwa ameshainua mkono. Penina alirudi nyumbani akakaa kwenye cherehani bila kuikanyaga, na kwa mara ya kwanza wiki ile alilia, sana, mpaka Asnath akaacha pini zote zikamwagika.

---

Leonard alirudi kabla ya magharibi, akiwa na ari. Alimkuta mke wake amesimama uani, amejifunga kanga kiunoni. Akaanza kumweleza mpango wa Daudi, jinsi ulivyo rahisi. Penina alimwacha amalize.

"Baba Asnath, siku ile ulisema maneno gani?"

"Maneno ya kawaida ya mazoezi."

"Yaseme."

"Mkamate, usimwache. Mama Asnath, hilo ni neno la kazi. Sisi tulifundishwa kwa Kizungu, nikaligeuza mimi mwenyewe ili watoto waelewe. Nimelitumia miaka."

"Ndani ya ukuta wa shule."

"Hata nje ya ukuta ni neno lilelile."

"Basi liseme hapa. Kwa sauti uliyoitumia."

Leonard hakuwa mtu wa kukataa kutoa sauti. Alisimama katikati ya uwanja wa nyumba yake, akavuta pumzi, akaachia vilevile kama siku ile. Mkamate! Usimwache! Mwangushe huyo! Kuku wa Suleiman akaruka juu ya ndoo.

Geti la jirani likagonga ukuta. Mzee Ignas, mstaafu wa reli, alitokea amevaa taulo na fulana, panga mkononi, akiuliza amekimbilia upande gani. Nyuma yake vijana wawili wapangaji wakaruka ukuta wa nyuma na fimbo. Huku barabarani mwanamke akalipokea neno akalipeleka mbele, na mwingine akalipokea kutoka kwake, na kwa muda likasikika likienda zake mtaani, kamata, kamata, nyumba hadi nyumba, mpaka kule kwenye duka la dawa.

Ilibidi kocha atoke nje kuwaambia watu warudi, hakuna kitu, samahanini. Alisema samahani nyingi jioni ile. Mzee Ignas alimwuliza mara mbili kama kweli hakuna kitu, akaondoka akiwa amekasirika, kwa sababu alikuwa ameacha maji ya moto kwenye beseni. Leonard alirudi uani akakaa kwenye kizingiti.

Miaka yote hiyo neno lilikuwa limezungukwa na ukuta na yeye akadhani ni zuri. Alikuwa amesimama katikati ya mji na kumwitia mwanawe mwizi. Suleiman alikuwa amefanya kile ambacho sauti ya mtu mzima ilimwagiza, na mwenye jiwe pia.

Penina hakumwambia afanye nini. Alimwita waende kula, mlenda utapoa.

---

Jumamosi viti vya plastiki havikutosha, watu wengine wakasimama. Leonard alikuja na koti lake la kijani. Mama Shamila alikaa mbele kabisa. Penina alikaa pembeni ya Asnath, mbali kidogo na mume wake, na kila aliyeingia aliona hilo.

Suleiman aliitwa kwanza. Alisimama na helmeti ambayo hakuwa na pikipiki ya kuivalia, akasema amekosa, amemuumiza mtoto wa watu, anaomba msamaha na yuko tayari kwa lolote. Watu wakanung'unika kwa kuridhika. Mtendaji akasema basi hapo mambo yako wazi, suala linaweza kwenda polisi. Bi Hilda akamgeukia Leonard akamwuliza kama ana la kuongeza, kwa sauti ya mtu anayetumaini hana.

Njia ilikuwa nyeupe. Daudi mwenyewe asingeweza kuipanga vizuri zaidi. Leonard alisimama, akasahau kuinyoosha mikono ya koti.

"Huyu hana kosa," alisema. "Kosa ni langu. Nilipiga kelele za mwizi na mwizi hakuwepo. Ningekuwa mimi ndiye nimekaa kijiweni, ningekimbia kama yeye."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mama Shamila akauliza kwa hiyo miaka yote hii kocha wa taifa hajui kuita. Leonard akasema hajui. Akasema kama ni polisi, waende naye yeye, na pikipiki ya Suleiman irudishwe leo, tajiri wake yupo hapo amekaa na anasikia. Akaongeza, kwa sababu hakuweza kujizuia, kwamba jinsi Suleiman alivyomshika yule mtoto ndivyo inavyotakiwa, angekuwa mchezaji wake angempongeza. Watu wengi zaidi wakacheka, na safari hii Suleiman naye alicheka kidogo, akaziba mdomo.

Lakini kicheko hakikufungua kiwanja. Mama Shamila alisema kukiri ni vizuri ila mfupa umevunjika, na leo ni wa Asnath, kesho ni wa nani. Kocha amejishitaki mwenyewe, sasa watamwachiaje watoto. Wengine wakaunga mkono. Bi Hilda akaona hakuna namna, akamgeukia Penina akamwambia mama mtoto ndiye wewe, tunakusikiliza.

Penina alisimama. Alikuwa na maneno yake, aliyashona wiki nzima. Kabla hajaanza, Asnath akainua mkono mzima, kama darasani.

"Mama mwenyekiti, naomba nimwulize kocha swali. Tangu siku ile kila mtu ananiuliza naumwa wapi, na hili sijapata wa kumwuliza."

Bi Hilda akaruhusu. Asnath akamgeukia baba yake, na hakumwita baba.

"Kocha, ile trai ilihesabika?"

Wanawake wakaguna kwa huruma. Kila mtu pale alijua jibu ni lipi. Mtoto amevunjika mfupa, mkono umefungwa kifuani, anataka kusikia neno moja tu zuri, na baba yake amekosa mbele ya mtaa mzima na ana kila sababu ya kumpa. Leonard alimtazama binti yake. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta.

"Hapana," alisema. "Mpira ulikutoka mkononi kabla ya mstari. Uliangukia mbele."

Mama Shamila akasema huyu baba hana moyo. Mtu mwingine akasema angalau angedanganya. Asnath alikunja uso, akafikiri, akaonekana anarudia mbio zile kichwani hatua kwa hatua, kisha akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa na yeye alikuwa anajua.

Penina alikuwa bado amesimama. Alimwangalia mwanawe, halafu akamwangalia yule mwanaume mwenye sikio lililokunjamana ambaye asubuhi ile alikuwa amepewa nafasi mbili za kudanganya na zote mbili ameziacha. Yale maneno aliyoyashona akayaacha.

"Basi akipona atarudia," alisema, akakaa.

Mama Shamila akamtazama Penina, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Bi Hilda alizungusha macho kutafuta mzazi mwingine wa kusema, akakosa, akasema ajenda inayofuata ni taka.